Habari za Saa Moja na Darasa la Kiingereza

Kila siku ifikapo saa moja usiku, watu wengi nchini Kenya huketi mbele ya runinga au kando ya redio kusikiliza taarifa ya habari kwa Kiswahili. Saa mbili baadaye, vituo vikuu vya runinga husoma taarifa nyingine kwa Kiingereza. Mpangilio huu umezoeleka mno hata ni wachache wanaouliza swali ambalo lingefaa kuulizwa katika kila chuo kikuu: wale wanaoziandika habari za saa moja walijifunzia wapi kazi hiyo, na kwa lugha gani? Kwa wengi waliopitia madarasa ya uanahabari na mawasiliano, jibu ni kwamba walifunzwa kwa Kiingereza tangu mhadhara wa kwanza hadi mradi wa mwisho wa utafiti. Walipohitimu na kuajiriwa, walikabidhiwa Kiswahili na kuambiwa walisemeshe taifa.

Hapo ndipo penye ufa. Chuo kikuu kinamfunza mwanafunzi kukusanya habari, kupima ushahidi, kuhoji na kuhariri kwa lugha moja, kisha jamii inamtaka aifanye kazi hiyo kwa lugha nyingine. Kiswahili kinageuzwa kuwa sahani ya kupakulia chakula kilichopikwa katika jiko jingine. Madhara ya hali hii hayaishii kwenye sarufi. Yanamfikia mshukiwa aliye korokoroni, mkulima anayesubiri kujua sheria mpya inamtaka afanye nini, na mpiga kura anayetaka kufahamu mahakama imeamua nini.

Ikumbukwe kwamba Kiswahili si mgeni katika taaluma hii. Gazeti la Mambo Leo lilianza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, nalo gazeti la Baraza likaanza Nairobi mwaka 1939. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilisikika kwa mara ya kwanza Juni 27, 1957. Hayo yote yalitangulia kuanzishwa kwa Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya mwaka 1961, na yalitangulia pia mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufundisha uanahabari. Kwa maneno mengine, lugha ilitangulia shule. Shule ilipokuja, ilikuja na lugha yake, na ile iliyoikuta nyumbani ikaachwa barazani.

Isitoshe, sheria kuu ya nchi haikubaliani na mpangilio huo. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara ya 34 inalinda uhuru wa vyombo vya habari, na ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara hizi zikisomwa pamoja, haziachi shaka kwamba raia ana haki ya kuelezwa mambo ya nchi yake kwa lugha anayoielewa, na kuelezwa ipasavyo. Habari iliyofika ikiwa imepotoka haijafika.

Mchukuliwe, kwa mfano, mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyepelekwa katika chumba cha habari kwa mafunzo ya kazini. Saa kumi na moja jioni anakabidhiwa taarifa ya polisi iliyoandikwa kwa Kiingereza, na mhariri anaihitaji kwa Kiswahili kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Taarifa inasema kwamba mwanamume mmoja amekamatwa kuhusiana na mauaji. Mwanafunzi huyu alipata alama nzuri katika somo la sheria za vyombo vya habari. Anajua fika, kwa Kiingereza, kwamba mtu huhesabiwa kuwa hana hatia hadi mahakama ithibitishe vingine. Lakini hajawahi kuandika hata aya moja ya habari za mahakama kwa Kiswahili huku mwalimu akimsahihisha. Dakika zinayoyoma. Anaandika kichwa: "Muuaji Akamatwa". Kwa maneno mawili amekwisha kumhukumu mtu ambaye hata mashtaka hajasomewa.

Kiswahili hakikumnyima maneno. Kina mshukiwa, ambaye polisi wanamdhania kutenda kosa. Kina mshtakiwa, aliyefikishwa mahakamani na kusomewa mashtaka. Na kina mfungwa, aliyepatikana na hatia akahukumiwa kifungo. Kila neno kati ya haya ni ngazi ya mchakato wa haki, na kuruka ngazi moja ni kumdhulumu mtu. Vivyo hivyo, kesi kuahirishwa si sawa na kesi kutupiliwa mbali. Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais Septemba 1, 2017, kitenzi "kubatilisha" kilikuwa ndicho habari yenyewe, kwa kuwa mahakama haikumtangaza mlalamishi kuwa mshindi, bali iliamuru uchaguzi urudiwe. Msikilizaji aliyeambiwa kwa wepesi kwamba upande mmoja "umeshinda" alihitaji kufafanuliwa kuwa kilichoshinda ni kesi.

Mfano mwingine ni wa Juni 2024, wakati Mswada wa Fedha ulipozua maandamano makubwa nchini. Wabunge waliupitisha Juni 25, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hangeutia saini. Katika muda huo mfupi, tofauti kati ya mswada na sheria haikuwa jambo la mtihani wa msamiati. Ndiyo iliyoamua iwapo kodi mpya zingetozwa au la. Mwandishi aliyeandika "sheria" palipostahili "mswada" aliwaambia wasomaji wake kwamba jambo limekwisha ilhali lilikuwa bado njiani. Inafaa pia kukumbukwa kwamba katika siku hizo vijana wengi walijitolea kuufafanua mswada huo katika mitandao ya kijamii kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Kenya. Walikuwa wakifanya kazi ya mwanahabari, na bidii yao ilionyesha jinsi kiu ya ufafanuzi wa namna hiyo ilivyokuwa kali.

Msomi wa Kiswahili huitambua upesi habari iliyotafsiriwa kwa pupa. Humo mtu "aliweza kufariki", kana kwamba kufa ni ustadi. Ajali "ilipelekea" vifo. Na kila hoja huhitimishwa kwa "mwisho wa siku" hata kama jua ndilo kwanza linachomoza. Wanafunzi na wahadhiri huyakusanya makosa haya na kuyacheka katika makongamano. Hata hivyo, kuyacheka hakutoshi, maana hayo ni dalili tu ya maradhi. Mwandishi hakufikiri kwa Kiswahili alipoandika. Aliichukua sentensi ya kigeni na kuivisha kanzu. Na hakufikiri kwa Kiswahili kwa sababu hakuna aliyewahi kumtaka afanye hivyo katika muda wote wa masomo yake ya uanahabari.

Wapo wanaopinga hoja hii kwa kusema kwamba utangazaji wa Kiswahili ni kipaji na malezi, wala hauhitaji darasa. Humtaja marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Freretown, Mombasa, mwaka 1940 na kuaga dunia Februari 7, 2025. Sauti yake, wasema, ililelewa na pwani na kunolewa na kipaza sauti. Mfano huo ni mzuri, ila unathibitisha kinyume cha wanachokusudia. Kipindi chake maarufu, Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966, kilibuniwa kwa Kiswahili. Hakikuwa tafsiri ya kipindi cha Kiingereza. Hata swali la kichwa chake haliwezi kuhamishwa likabaki na uzito wake, kwa kuwa neno "ungwana" limebeba hadhi, adabu na namna ya kutendeana na jirani, mambo yaliyokomaa katika miji ya pwani kwa karne nyingi. Nguvu ya kipindi ilitokana na mtangazaji aliyeitazama jamii kwa lugha ileile aliyoisemesha. Ikiwa malezi ndiyo yaliyompa Mbotela uwezo huo, basi mwanafunzi asiyekuwa na malezi hayo atayapata wapi isipokuwa darasani? Wahenga walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi.

Wengine husema kwamba vitabu vya nadharia ya mawasiliano vimeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba mhitimu anayetaka kazi nje ya nchi hana budi kuimudu lugha hiyo. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Hakuna anayependekeza kwamba mwanahabari wa Kenya asijue Kiingereza. Hati za mahakama, bajeti na mikataba humfikia kwa Kiingereza, na asiyeielewa vyema hawezi kuifafanua. Lakini kusoma nadharia ni jambo moja, na kuandika habari ni jingine. Kuandika hufunzwa kwa kuandika, kusahihishwa na kuandika tena, na zoezi hilo halihitaji kusubiri kitabu kutoka London. Zaidi ya hayo, ajira za nje zenyewe si za Kiingereza pekee. Idhaa za Kiswahili za BBC na ya Deutsche Welle, iliyoanza mwaka 1963, zimewaajiri Wakenya kwa sababu ya Kiswahili chao.

Ni kweli kwamba zipo idara ambazo zimeweka somo moja la Kiswahili cha vyombo vya habari katika mitaala yao. Hatua hiyo yastahili pongezi. Hata hivyo, somo moja la muhula mmoja, ambamo mwanafunzi hujibu maswali ya mtihani kuhusu sifa za lugha ya magazeti, haliwezi kumfanya mwandishi. Ni sawa na kumfundisha mtu majina ya samaki kwa matumaini kwamba atajua kuvua.

Lawama, hata hivyo, isiwekwe upande mmoja tu. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma haya na kuitikia kwa kichwa anapaswa kujitazama naye. Imekuwa desturi kuamini kwamba anayejua ngeli, methali na tamathali za usemi ameiva kwa chumba cha habari. Wako wahitimu wa Kiswahili walioajiriwa katika redio na magazeti kwa ajili ya ufasaha wao, wakajikuta hawajui kusoma bajeti, hawajui mipaka ya sheria ya kashfa, wala hawajui namna ya kumlinda mtoa habari aliyewaamini. Ufasaha usio na ukweli ni manukato yaliyopakwa juu ya jasho.

Chukua suala la takwimu. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ushuru wa ziada ya thamani unaotozwa mafuta ya petroli kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16. Mwandishi mwenye Kiswahili kitamu angeweza kutangaza, bila kosa lolote la kisarufi, kwamba ushuru huo "umeongezeka kwa asilimia 8". Sentensi hiyo ni sanifu, lakini inapotosha. Kiwango kilipanda kwa alama 8 za asilimia, na ushuru wenyewe ukawa maradufu, yaani uliongezeka kwa asilimia 100. Dereva wa matatu anayesikiliza redio alikuwa na haki ya kuelezwa hivyo. Hapa kosa halitoki katika tafsiri ya Kiingereza. Limetoka kwa mtu aliyefunzwa lugha bila kufunzwa kazi ya habari. Mmoja ana kazi bila lugha, mwingine ana lugha bila kazi, na raia ndiye anayelipa gharama ya wote wawili.

Jambo la tatu linalozihusu idara zote mbili ni istilahi. Tanzania ilianzisha Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, mwaka 1967, na kazi mojawapo ya baraza hilo ni kusanifu na kuratibu istilahi. Nchini Kenya, kwa miongo mingi, kazi hiyo imeangukia mabega ya wanahabari, ambao hulazimika kubuni neno leo kwa ajili ya taarifa ya leo. Matokeo yake yamekuwa mchanganyiko wa heri na utata. Utata huonekana pale ambapo mahakama moja huitwa Mahakama ya Juu katika kituo kimoja na Mahakama ya Upeo katika kingine, huku ikiwapo pia Mahakama Kuu, ambayo ni tofauti kabisa. Msikilizaji wa kawaida atajuaje kwamba mbili kati ya hizo ni moja?

Heri nayo ipo. Ugonjwa wa korona ulipothibitishwa nchini Kenya Machi 2020, watu walihitaji mara moja jina la kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Neno "barakoa" lilikuwapo kamusini likimaanisha kifuniko cha uso kinachovaliwa na wanawake katika desturi za pwani. Likachukuliwa, likapewa kazi mpya, na katika muda mfupi likawa mdomoni mwa mtoto na mzee, bara na pwani. Haikuhitajika kukopa neno wala kuunda jipya. Ilihitajika tu kujua kwamba ghala lina akiba. Huo ndio ushahidi kwamba mwanahabari anapokutana na hazina ya lugha, umma hufaidika kwa haraka ambayo kongamano la wataalamu haliwezi kuifikia.

Basi lifanywe nini? Kwanza, mafunzo ya kuandika na kuhariri habari kwa Kiswahili yawe ya lazima kwa kila mwanafunzi wa uanahabari, kuanzia mwaka wa pili, na yafundishwe kwa vitendo. Mwanafunzi aende katika mahakama ya karibu, katika soko na katika kikao cha bunge la kaunti, arudi na habari aliyoikusanya na kuifikiri kwa Kiswahili. Pasiwe na nakala ya Kiingereza ya kutafsiri. Pili, somo hilo lifundishwe na wahadhiri wawili, mmoja kutoka idara ya mawasiliano na mwingine kutoka idara ya Kiswahili, ili kosa la ushahidi na kosa la lugha yasahihishwe kwenye karatasi moja. Tatu, mwanafunzi wa mawasiliano anayetaka kuandika mradi wake wa mwisho kwa Kiswahili aruhusiwe, kama wanavyofanya wenzake wa idara ya Kiswahili kwa tasnifu zao. Nne, mwanafunzi wa Kiswahili anayetamani kazi ya habari asomee sheria na maadili ya vyombo vya habari, pamoja na misingi ya takwimu, katika idara ya mawasiliano.

Bila shaka vikwazo vitatajwa. Mitaala hubadilishwa na seneti, na seneti haina haraka. Wahadhiri ni wachache na mzigo wao wa kufundisha ni mkubwa. Idara mbili zikikutana, hutokea swali la nani atahesabiwa saa za kufundisha. Haya ni matatizo ya kweli, lakini hakuna hata moja linalowazuia wanafunzi kuanza. Chama cha Kiswahili hakihitaji idhini ya seneti ili kuwaalika wanafunzi wa uanahabari alasiri moja kila wiki, wakaisikiliza pamoja taarifa ya saa moja ya usiku uliotangulia, wakaidadisi neno kwa neno na dai kwa dai. Hakihitaji bajeti ili kutunza daftari la istilahi za mahakama, za bunge na za afya zinavyotumika katika vituo mbalimbali. Chuo chenye redio yake kinaweza kuwakabidhi wanafunzi wa idara zote mbili dakika kumi za habari za chuo, zilizoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Baada ya mwaka mmoja wa kazi ya namna hiyo, pendekezo litakalopelekwa mbele ya seneti litakuwa na mifano mkononi, na ni vigumu kulikataa jambo ambalo tayari linatendeka.

Mnamo Novemba 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tangu hapo, kila mwaka hutolewa hotuba, huchezwa ngoma na kusomwa mashairi. Sherehe hizo ni njema. Lakini hadhi ya lugha haipimwi kwa siku moja inayosifiwa. Hupimwa kwa siku nyingine 364 ambazo lugha hiyo inatakiwa kubeba habari nzito bila kuyumba: hukumu, bajeti, maradhi na matokeo ya kura. Kama chuo kikuu hakimwandai mtu wa kuibeba mizigo hiyo kwa Kiswahili, basi sifa za Julai ni deni lisilolipwa.

Mwanafunzi yule aliyeandika "Muuaji Akamatwa" hakuwa mvivu wala mjinga. Alijua sheria, na alijua Kiswahili cha nyumbani na cha shule. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha, kabla ya jioni ile, jinsi viwili hivyo vinavyoshikana. Mtu huyo angepatikana kwa kuvuka uwanja mmoja wa chuo, kutoka idara moja hadi nyingine. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.